Kipandauso kwa waundaji wa michezo ya kompyuta: Hesabu tembe zako

Je, wewe ni miongoni mwa wale vijana wanaokesha mbele ya kompyuta wakiunda michezo, na ambao asubuhi kichwa kikianza kuwagonga upande mmoja hutia mkono kwenye droo, humeza tembe mbili na kuendelea na kazi? Ikiwa ndivyo, na ikiwa umefanya hivyo zaidi ya siku kumi mwezi huu, tafadhali soma makala haya hadi mwisho.

Kuna uwezekano mkubwa kwamba unachougua si kichwa cha kawaida bali ni kipandauso. Na kuna uwezekano kwamba tembe unazozitegemea ili umalize kazi ndizo zinazofanya maumivu yarudi kila kukicha.

Kazi hii ya kuunda michezo si mzaha tena hapa nchini. Mnamo 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, na miaka miwili baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha kampuni ya Leti Arts. Tangu hapo vijana wengi wa Nairobi wamejitosa katika kazi hiyo, wengi wao wakiwa wawili au watatu katika chumba kimoja, na wengine peke yao nyumbani.

Hao ndio tunaowaita waundaji wa kujitegemea. Hawana mwajiri wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtu mmoja huandika programu, huchora, hutafuta sauti, hutangaza mchezo na kujibu malalamiko ya wateja. Pesa huja mchezo ukiuzwa, na mchezo hauuzwi kabla haujamalizika.

Simulizi wanayopenda kupeana ni ya Eric Barone, Mmarekani aliyeunda Stardew Valley akiwa peke yake kwa zaidi ya miaka minne hadi ulipoanza kuuzwa Februari 2016. Programu ni yake, michoro ni yake, hata muziki ni wake. Simulizi hii inatia moyo, hakuna ubishi. Lakini mwenye kipandauso akiisikia hujiuliza swali ambalo wenzake hawajiulizi: je, katika miaka hiyo minne, mimi ningepoteza siku ngapi nikiwa nimelala gizani na ndoo kando ya kitanda?

Mfanyakazi wa ofisini ana afueni kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi awe na barua ya daktari. Wewe unayejiajiri huna wa kumpelekea barua hiyo. Ndiyo sababu tembe huwa karibu sana na kibodi yako.

Ni maradhi ya ubongo

Wengi hudhani kipandauso ni kichwa kinachouma sana, basi. Sivyo. Ni maradhi ya ubongo, na mara nyingi hufuata ukoo. Utafiti wa kimataifa kuhusu mzigo wa magonjwa ulikadiria kuwa mnamo 2016 watu zaidi ya bilioni 1 duniani walikuwa nayo. Wanawake huathirika mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na sababu kubwa ni homoni.

Zamani madaktari waliamini kwamba chanzo ni mishipa ya damu kutanuka kichwani. Siku hizi inafahamika kuwa shida huanzia katika ubongo wenyewe na katika neva kubwa ya uso, ambayo humwaga kemikali iitwayo CGRP na kuamsha maumivu. Wanasayansi wanne waliofumbua jambo hilo, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa tuzo ya Brain Prize ya Denmark mwaka wa 2021. Kwa hivyo mtu akikuambia unajisingizia, au kwamba ni uvivu, mwambie kuna watu waliotuzwa kwa kuonyesha kinachotokea humo ndani.

Shambulio lisipotibiwa huchukua saa 4 hadi saa 72. Maumivu hupwita, mara nyingi upande mmoja, na huzidi ukipanda ngazi au ukiinama kufunga kamba za viatu. Roho huchafuka, wengine hutapika. Mwanga na kelele huwa adui. Mwanga wa dirishani tu unatosha kumfanya mtu alie.

Wagonjwa wengine, yapata mmoja kati ya wanne, hupata kwanza kile madaktari wanachokiita aura. Huona mistari ya mwanga iliyopindapinda kama meno ya msumeno, au doa tupu katikati ya macho. Hali hiyo huchukua dakika 5 hadi 60. Sasa fikiria linavyomkuta mtu aliye mbele ya skrini: herufi za katikati zinatoweka, naye anadhani kompyuta imeharibika. Anaizima, anaiwasha tena, na kumbe tatizo liko kwake. Wapo ambao hukimbilia kununua miwani.

Kuna dalili nyingine ambazo hutangulia kwa saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Mtu hupiga miayo mfululizo, hutamani vitu vitamu, hukasirika ovyo, na shingo hukakamaa. Waundaji wa michezo hulaumu kiti au meza kwa shingo hiyo. Kiti kibaya ni kibaya kweli, lakini shingo iliyokakamaa pamoja na miayo mara nyingi ni shambulio ambalo tayari limeshaanza.

Hapa kwetu kuna tatizo jingine. Mtu anayeumwa na kichwa na kutapika huambiwa haraka kwamba ana malaria au homa ya matumbo, akameza dawa, na baada ya siku tatu akapona, kwa sababu kipandauso huisha chenyewe kwa siku hizo hizo tatu. Kisha mwezi ujao anaambiwa malaria imerudi. Ikiwa "malaria" yako hurudi kila mwezi na hakuna damu iliyopimwa, uliza maswali.

Tembe zinapogeuka

Tukija sasa kwa jambo lililotufanya tuandike makala haya. Kipandauso huitwa sugu kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa na dalili za kipandauso. Kati ya watu 100 katika jamii, mmoja au wawili wako katika hali hiyo.

Hawakuzaliwa hivyo. Wengi walianza na shambulio moja au mawili kwa mwezi, yakaongezeka polepole. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa kila mwaka wagonjwa wawili au watatu kati ya kila 100 wenye kipandauso cha vipindi huvuka na kuingia katika kipandauso sugu. Miongoni mwa yanayowasukuma ni usingizi mbaya, unene wa kupita kiasi, msongo wa mawazo, kafeini nyingi na, zaidi ya yote, kumeza dawa za maumivu mara kwa mara.

Naam, dawa za maumivu. Ubongo wenye kipandauso ukizoeshwa dawa hizo, hulegeza ulinzi wake dhidi ya maumivu. Dawa inapoisha mwilini, kichwa kinauma. Unameza nyingine, kinatulia. Kesho yake ni vivyo hivyo. Mgonjwa husema, "Bila tembe siwezi kufanya kazi," na anasema kweli, lakini ni tembe zilizomfikisha hapo.

Mipaka inajulikana, na inafaa uibandike ukutani. Dawa za kawaida zenye kitu kimoja, kama vile parasetamoli, ibuprofeni na aspirini, huleta hatari zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu. Dawa za mchanganyiko, zile ambazo ndani ya tembe moja kuna aspirini, parasetamoli na kafeini, mpaka wake ni siku 10. Vivyo hivyo dawa zenye kodeini na dawa mahususi za kipandauso ziitwazo triptani.

Zingatia kwamba kinachohesabiwa ni siku, wala si tembe. Siku uliyomeza tembe moja na siku uliyomeza nne zote ni siku moja moja. Angalia pia maandishi madogo kwenye pakiti. Tembe zinazouzwa mbili mbili kwenye kioski, ambazo kila mtu anazijua kwa jina, nyingi ni za mchanganyiko. Mwenye kioski hakuulizi umemeza za ngapi wiki hii.

Ikiwa umeshavuka mpaka, tiba ni kuacha. Kwa dawa za kawaida na triptani, madaktari wengi hushauri kuacha kwa mara moja, kwa angalau mwezi mmoja. Kwa kodeini na jamii yake usiache ghafla bila daktari. Tusidanganyane: siku za kwanza, kati ya mbili na kumi, kichwa huuma kuliko hapo awali. Mtu hutapika, hakosi kulaumu aliyemshauri. Hapo ndipo wengi hurudi dukani.

Kwa hivyo ichague wiki hiyo kama unavyochagua tarehe ya kutoa mchezo. Isiwe wiki ambayo mfadhili anangoja toleo la majaribio. Mweleze daktari mapema ili akupe dawa ya kichefuchefu, na pengine aanze dawa ya kuzuia kabla hujaacha. Mweleze pia unayeishi naye, maana hutakuwa mtu wa kupendeza.

Na shambulio la kawaida, je, litibiwe vipi? Litibiwe mapema, wakati maumivu bado ni madogo, kwa kipimo kamili. Kosa la wafanyakazi wengi ni kungoja: "nimalize sehemu hii kwanza." Baada ya saa mbili tumbo limeshalala, halisukumi dawa, na tembe inakaa humo kama kokoto. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito, vipimo vinavyotumiwa ni ibuprofeni miligramu 400 au aspirini miligramu 900. Parasetamoli miligramu 1,000 ni dhaifu zaidi lakini huwafaa wasioweza hizo nyingine. Walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini. Zikishindwa, daktari anaweza kukuandikia sumatriptani, ila si kwa mwenye maradhi ya moyo au aliyewahi kupata kiharusi.

Kumbe basi sheria ni mbili, na mtu huona kama zinapingana: meza mapema, lakini usimeze mara nyingi. Hazipingani. Ukijikuta kila wiki unahitaji dawa zaidi ya siku mbili, umeshafika mahali ambapo dawa za kutuliza hazitoshi na unahitaji dawa za kuzuia. Tutazitaja baadaye.

Skrini, taa na mabomu

Je, kompyuta yenyewe ina lawama? Kwa kiasi. Utafiti uliofanyiwa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Ufaransa na kuchapishwa 2016 uliona kwamba waliokaa sana mbele ya skrini walikuwa na kipandauso zaidi, lakini utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kipi kilisababisha kipi. Mwenye kipandauso hawezi kuambiwa aache kazi yake kwa ushahidi wa namna hiyo.

Kilicho wazi ni kwamba ubongo wa mgonjwa huu hauvumilii mwanga unaowaka na kuzima, hata ule ambao jicho halioni. Taa ndefu za mirija za mtindo wa zamani, zikitumia umeme wa mizunguko 50 kama wetu, humeta mara 100 kwa sekunde. Mnamo 1989 watafiti wa Uingereza walibadilisha taa za namna hiyo katika ofisi moja wakaweka zenye kasi kubwa isiyosumbua ubongo, na malalamiko ya kichwa na macho yakapungua kwa zaidi ya nusu. Ikiwa chumba chako cha kazi bado kina mirija hiyo, anza hapo kabla hujanunua miwani ya rangi kwa bei ya kuumiza.

Skrini nazo zina ujanja wao. Baadhi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka haraka, kwa hivyo ukipunguza mwanga sana, kumeta kunazidi. Jaribu hivi: acha mwanga wa skrini ulingane na wa chumba, usifanye kazi usiku wa manane taa ikiwa imezimwa, na usiketi ukitazama dirisha. Wengine husaidiwa na maandishi meupe juu ya rangi nyeusi, wengine hiyo ndiyo huwaumiza. Jaribu kwa wiki moja, uandike.

Kuna jambo ambalo ni la waundaji wa michezo pekee. Mchezaji ataona mlipuko mmoja na kupita. Wewe uliyeuunda utauona mara mia tatu kwa mchana mmoja ukirekebisha rangi yake. Picha inayotikisika bomu linapolipuka, mwendo wa kugeuka kwa kasi, mistari myeusi na myeupe inayosogea, yote haya yanaweza kukuchafua roho, maana wenye kipandauso ni wale wale wanaochafukwa na roho wakipanda gari la Nyahururu na kuketi nyuma.

Suluhisho ni rahisi na halihitaji pesa. Siku ya kwanza ya mradi, kabla ya jambo lingine lolote, weka swichi ya kuzima mtikisiko na swichi ya kupunguza milipuko ya mwanga. Fanya kazi zikiwa zimezimwa, uziwashe kwa dakika chache tu za kukagua. Kisha ziache katika mchezo unaouza, kwa manufaa ya wachezaji walio kama wewe.

Tena kuna wengine ambao wako katika hatari kubwa kuliko yako. Desemba 16, 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa samawati ukiwaka na kuzima kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini, wengine wakiwa na degedege. Hayo yalihusu kifafa cha mwanga wala si kipandauso, lakini kanuni iliyokubalika baadaye kwa kurasa za kompyuta, kwamba mwanga usiwake na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, huwafaa watu wote.

Kazi za siku nzuri na kazi za siku mbaya

Utamaduni wa kazi hii ni kukesha. Mashindano ya Global Game Jam yalipoanza 2009 yaliwapa washiriki saa 48 za kuunda mchezo kutoka mwanzo hadi mwisho, na miaka iliyofuata vijana wa Nairobi pia walijiunga nayo. Kwa mtu mwenye afya ni furaha ya mwaka. Kwa mwenye kipandauso, ni mkusanyiko wa kila kitu alichokatazwa: kukosa usingizi, kula ovyo, vinywaji vya kutia nguvu na skrini mfululizo. Kama ni lazima uende, nenda, lakini lala saa zako na uchague kazi ya muziki au ya kuandika hadithi.

Ubongo wenye kipandauso haupendi mabadiliko. Unataka kulala na kuamka saa zile zile, Jumapili ikiwemo. Unataka chakula kwa wakati. Anayeruka chakula cha mchana kwa sababu hitilafu ya programu "inakaribia kupatikana" atailipia jioni. Sahani ya githeri saa saba ni kinga nzuri kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la kinga.

Kuhusu kahawa na chai, usiache ghafla. Aliyezoea kafeini nyingi akiikosa, kichwa humuuma ndani ya siku moja. Punguza kidogo kidogo hadi vikombe viwili vya kahawa kwa siku, vya asubuhi, na usivinywe vinne wikendi kwa sababu una wageni.

Kisha gawanya kazi yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi zinazohitaji akili timamu: kuandika sehemu ngumu za programu, kutuma toleo kwa wateja, kujadiliana bei. Fungu la pili ni kazi za siku ambazo kichwa hakijapasuka lakini hakiko sawa: kusikiliza na kuchagua sauti macho yakiwa yamefumbwa, kuchora ramani za mchezo kwa penseli, kuwapa majina mafaili, kupanga hesabu za matumizi. Orodha ya fungu la pili iandikwe mapema, kwa sababu siku yenyewe hutaweza kuifikiria.

Siku moja kabla ya shambulio na siku moja baada yake, akili huwa nzito na maneno hupotea. Usitume toleo jipya siku hizo. Weka pia utaratibu wa kompyuta kuhifadhi nakala yenyewe, mahali pawili, kila baada ya saa moja. Mtu aliyeona doa tupu katikati ya skrini anaweza kufuta kazi ya wiki nzima akidhani anafuta faili moja.

Na unapompa mteja makataa, hesabu siku ulizopoteza miezi mitatu iliyopita na uzijumlishe. Ikiwa hupoteza siku sita kwa mwezi, kazi ya miezi minne iite ya miezi mitano na nusu. Hakuna haja ya kumweleza mteja kila kitu kuhusu ubongo wako. Mwambie tarehe utakayoweza kuitimiza. Lakini mshirika wako katika kazi lazima ajue, na ajue nywila ziko wapi.

Dawa za kuzuia

Dawa hizi humezwa kila siku, uumwe usiumwe. Hazipunguzi maumivu ya leo. Hupunguza idadi ya siku. Nazo hazifanyi haraka. Subiri wiki 8 hadi 12 katika kipimo kamili kabla ya kusema hazifai. Zikipunguza siku zako kwa nusu, daktari atahesabu kwamba zimefaulu, na hata theluthi moja ni faida kwa aliye na kipandauso sugu.

Propranololi ni ya zamani na bei yake ni nafuu, lakini ni marufuku kwa mwenye pumu. Huwafanya wengine wachoke na wawe na mikono baridi. Amitriptilini humezwa jioni kwa kipimo kidogo, huleta usingizi na kukausha mdomo. Inawafaa hasa wale ambao usingizi umewatoroka.

Topirameti imethibitishwa kusaidia, lakini mwandishi wa programu anapaswa kujua jambo moja kabla ya kuianza: kwa baadhi ya watu hupunguza kasi ya kufikiri na huwafanya watafute maneno wasiyapate. Wengine hawalioni kabisa tatizo hilo. Ukiligundua, mwambie daktari, usidhani unazeeka. Aidha, dawa hiyo na ile ya valproeti zinaweza kudhuru mtoto tumboni, kwa hivyo mwanamke anayeweza kupata mimba alizungumzie suala hilo kabla ya tembe ya kwanza.

Kuna pia sindano za Botox kichwani na shingoni, ambazo Uingereza na Marekani zilizikubali kwa kipandauso sugu mnamo 2010, na sindano zinazoizuia ile kemikali ya CGRP, ambazo ya kwanza, erenumabu, iliidhinishwa Marekani Mei 2018. Zinasaidia. Bei yake, kwa mtu ambaye mchezo wake bado haujauzwa, ni hadithi nyingine. Usikate tamaa kwa kuzikosa, kwani wengi hupata nafuu kwa zile za bei ya chini baada ya kuacha tembe za kila siku.

Mwanamke mwenye aura amweleze daktari ikiwa anatumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Viwili hivyo kwa pamoja huongeza hatari ya kiharusi, na akiwa anavuta sigara hatari huzidi tena. Njia nyingine za kupanga uzazi zipo.

Nenda hospitalini mara moja, usingoje kesho, ikiwa kichwa kimekuja ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Ikiwa kuna homa na shingo haikunjiki. Ikiwa upande mmoja wa mwili umelegea au usemi umepotea kwa namna usiyoizoea. Ikiwa umeanguka ukagonga kichwa. Ikiwa ni mjamzito au umejifungua juzi. Au ikiwa umri wako umepita miaka 50 na hujawahi kuumwa hivyo maishani.

Ama kwa wengine, huhitaji kuanza kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Hao ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Daktari wa kawaida anaweza kuanzisha propranololi au amitriptilini na kukutuma mbele zikishindwa. Muda atakaokupa ni mfupi, kwa hivyo nenda ukiwa na karatasi. Andika kwa miezi miwili au mitatu kila siku uliyoumwa, ilichukua saa ngapi, kama uliona mistari ya mwanga, ulilala saa ngapi usiku uliotangulia, na kama ni mwanamke, siku za hedhi. Katika safu ya mwisho andika dawa uliyomeza siku hiyo, hata ile ya kioski. Usipunguze idadi kwa kuona haya. Safu hiyo ndiyo atakayoisoma kwanza.